Jiwe Halitimizi Kiapo

4 Juni

Mwanangu kitindamimba,

Salamu nyingi kuliko maji ya bomba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekula, na mguu hauumi tena. Mimi sijambo, ila goti langu linajua mvua kabla ya redio. Ukipanda nguzo funga mkanda kwanza ndipo uangalie waya. Najua unajua. Nasema tu.

Sasa mambo ya mezani. Barua yako nimeisoma, kisha nikamsomea mwenzangu wa pasi, yule tunayemwita Mvuke, hapa kwenye chumba cha kufulia. Unakumbuka uliponiambia mara ya kwanza kwamba kila Jumamosi mnakaa mezani, kila mtu na mtu wake wa kubuni, mnarusha dadu na kurogana? Nilifunga kula nikakuombea. Leo mimi mwenyewe ndiye Tabibu wa msafara wenu, natuma vitendo vyangu kwa barua, na mmeniwekea kiti. Dunia haina adabu.

Basi Mvuke aliposikia majitu mawili yamewabana ndani ya ghala la chumvi, na Mlinzi wako amebakiwa na pumzi mbili tu, alisahau pasi juu ya shuka la watu. Alama ya kahawia haijatoka mpaka leo. Akaniambia, "Dada, huyo mtoto anakufa." Nikamwambia hafi nikiwepo.

Nimefikiri hivi. Mlinzi wako ana kile kiapo: yeyote anayeweza kumgusa kwa mkono akipigwa, pigo linamwangukia yeye Mlinzi. Mimi nina uganga wa Jiwe: aliyegeuzwa jiwe, upanga haumdhuru. Sasa viunganishe. Majitu yananipiga mimi, pigo linakuja kwako, wewe ni jiwe, upanga unadunda. Hafi mtu. Tunakaa hapo mpaka yachoke yarudi kwao.

Kwa hiyo kitendo changu, kisomwe: Tabibu anamgusa Mlinzi, anamgeuza jiwe, kisha anajibanza kando yake.

Sikukuuliza kwa sababu ungekataa.

Mama yako


12 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, mguu mzima, mkanda nafunga. Goti lako lipake ile dawa, usiitunze kama sahani za wageni.

Kitendo chako kilisomwa. Mwalimu, ambaye ndiye mwamuzi wetu, anayeyaendesha majitu na kukata shauri la sheria, alikisoma kwa sauti hadi mwisho, akavua miwani. Muuza Viatu, mchezaji mwenzangu, alicheka mpaka chai ikamwagikia ramani. Halafu ukaja ubishi, Mama, sijapata kuuona.

Mwalimu anasema kiapo si shati, kwamba ukishalivaa linakaa lenyewe. Kiapo ni kazi. Mlinzi lazima alione pigo na ajitolee. Nikamwambia kitabu kimeandika "pigo linamwangukia", hakikuandika "akitaka". Akanifungulia ukurasa wa Jiwe: "hasikii, haoni, hatendi lolote." Nikagonga meza. Muuza Viatu akawa upande wangu, mchezaji mwingine, Nesi, akawa upande wa Mwalimu. Mwisho wa yote mwamuzi ni yeye: jiwe halitimizi kiapo. Na kusema kweli, nilipofika nyumbani nikaona ana haki. Nilibisha kwa sababu ni wewe.

Sasa hali ni hii. Mimi ni jiwe, sidhuriki. Wewe una pumzi nne, umejibanza kando ya jiwe lisilokusaidia kitu, na pigo moja la jitu linaweza kuzila zote. Unajua sheria yetu, haina mkubwa wala mdogo: anayekufa kiti chake kinaondolewa mezani mpaka msafara uishe, na huu hauishi mwaka huu. Mwalimu amekuhurumia, amesema kuna dirisha nyuma yako. Ukitoka umepona. Ila majitu yatalivingirisha jiwe mpaka mtoni, na Mlinzi ndiyo basi tena.

Kilichoniuma si sheria. Ni lile neno lako, "sikukuuliza". Ndivyo ulivyofanya nilipopata kazi ya nguzo, ukamwendea bosi kimya kimya ukamwomba aniweke ofisini nipige mihuri. Nilikuwa na pumzi mbili, Mama, lakini zilikuwa zangu. Niamshe. Nikiamka kiapo kinarudi, na pigo lako nitalibeba mwenyewe. Usikimbie, na usinifiche.

Mwanao, kitindamimba mkaidi


2 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Wenzako wa mezani hawajambo? Mimi nipo, goti nimelipaka. Nimekawia kujibu kwa sababu nilinuna. Kwanza nilimnunia Mwalimu, nilipomaliza nikakununia wewe.

Hapa mpe Mwalimu asome mwenyewe. Mwalimu, shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini uamuzi wako siukubali. Unasema asiyeona wala kusikia hawezi kumlinda mtu. Mimi nimelala miaka mingi, usingizi wa mtu aliyefua kutwa, mkono wangu ukiwa juu ya watoto, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuanguka kitandani. Mvuke naye hakubali. Anasema hicho kitabu kiliandikwa na mtu asiye na mama. Akasema tena, "Hilo usiliandike, Dada, wataona hatuna heshima." Nimeliandika. Hata hivyo meza ni yako, ukishasema umesema. Lakini dirisha lako lifunge. Sikuomba huruma na sitoki.

Sasa wewe. Habari ya bosi wako sikuombi radhi. Niliogopa, na bado naogopa kila simu ikilia. Ila ulikataa mihuri ukapanda, na sasa watu huko wanapika na kusoma kwa taa ulizowasha wewe. Mtu wa namna hiyo hafai kuwa jiwe. Nakuamsha.

Lakini mpango wako nimeuona mpaka chini ya sufuria. Unataka uamke tu, unishike, ulipokee pigo langu kwa hizo pumzi zako mbili. Kiapo chako kinamfikia anayegusika kwa mkono. Na asiyegusika?

Kitendo changu, kisomwe polepole, Muuza Viatu aache kucheka: Tabibu anamgusa Mlinzi, jiwe linamtoka. Kabla Mlinzi hajanyoosha mkono, Tabibu amekwishavuka ghala mpaka upande wa pili, kwenye magunia. Anaokota beleshi, anachota chumvi, analirushia jitu kubwa machoni. Najua tabibu akimpiga mtu uponyaji wote unamtoka na haurudi. Sheria hiyo niliielewa bila kufundishwa. Utoke. Nimeponya watu wa msafara huu wote, hata Muuza Viatu aliyekula uyoga kwa tamaa yake. Sasa nitakuwa mwanamke mwenye beleshi.

Asinisogelee mtu.

Mama yako, tabibu wa zamani


10 Julai

Mama,

Shikamoo. Sote wazima. Mwalimu alisoma sehemu yake kimoyomoyo, kisha akairudia kwa sauti. Uamuzi hajaubadilisha. Amekupa shikamoo, anasema umemzidi.

Nikaamka. Muuza Viatu akarusha dadu yako, ikasimama pazuri, si pazuri sana, lakini chumvi haihitaji mengi. Jitu kubwa likashika macho, likajikwaa kwenye magunia, likawa linapapasa sakafuni kama linatafuta kiatu. Wakati huohuo Mwalimu akasema uponyaji umekutoka, na Nesi akainamisha kichwa. Jitu la pili likakugeukia, upanga juu.

Zamu ikawa yangu. Jitu limenipa mgongo, mlango uko wazi. Muuza Viatu akaninong'oneza, "Toka, dada. Mama yako kakufungulia njia."

Nikasema Mlinzi anavuka ghala mpaka mkono wake ufike begani kwa Tabibu.

"Lakini kaandika asimsogelee mtu."

"Nimesikia alichoandika."

Mwalimu akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia, "Wewe mwenyewe, Mwalimu, ulisema kiapo ni kazi, basi niko kazini." Akarusha. Pigo likaja kwako, likaniangukia mimi, likazila pumzi zote mbili na nyingine ambazo sikuwa nazo.

Wewe uko hai. Pumzi zako nne zote zipo. Mlinzi amekufa, na kiti changu kimepelekwa ukutani. Jumamosi zijazo nitakuwa nasimama nyuma ya wenzangu nikiwasomea barua zako, kwa kuwa sauti yako hakuna mwingine anayeiweza. Usilie, Mama. Nilikuwa macho.

Mwanao


16 Julai

Kitindamimba wangu mkaidi,

Hujambo. Mimi sijambo, sijalia. Aliyelia ni Mvuke, tena juu ya foronya zilizokwisha kunyooshwa. Nilikwambia usinisogelee. Toka utotoni ukiambiwa moto unaunguza unakwenda kuuliza unaunguza kiasi gani. Sijui umerithi kwa nani, na Mvuke ameambiwa asinitazame hivyo.

Mwalimu, shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Kile kitabu umekisoma kuliko mimi, basi nionyeshe. Kimesema aliyekufa kiti chake kiondolewe. Sawa, mmekiondoa. Wapi kimesema asimame? Mimi ni hai, kiti changu kipo hapo mezani, na sijapata kukikalia hata siku moja. Mwanangu atakaa hapo anapokusomeeni barua zangu. Ukiniletea ukurasa unaokataza nitanyamaza. Usipouleta, vuta kiti akae.

Kitendo changu: mwanamke mwenye beleshi anaokota ngao ya Mlinzi iliyoanguka, anaishika kwa mkono wa kushoto, anasimama mbele ya Mlinzi wake. Harudi nyuma. Rusheni dadu.

Mama yako