Hisa za Rupia Hamsini na Paa la Warsiti

Mpendwa mshauri Bu Lasmini,

Naomba msaada, ingawa mimi si mtu wa kuomba, mimi ndiye huombwa, waulize watu wa mtaa wetu hapa Sidoarjo, hata tarehe ya harusi haipangwi kabla mimi sijakohoa. Shule niliishia darasa la sita, lakini la sita la zamani, ambalo ni chuo kikuu cha siku hizi. Sasa Bu, miezi minne iliyopita niligundua siri ambayo matajiri wa Jakarta wameikalia, kwamba katika soko letu la hisa bei haishuki chini ya rupia hamsini, hiyo ndiyo sakafu, na kuna kampuni ya kukaanga kerupuk, zile chipsi za kamba wa baharini, Gurih Nirwana, ambayo hisa yake ni hamsini kamili, nikajiambia, Karjono, mtu aliyelala sakafuni ataanguka wapi? Nikauza pikipiki, nikanunua hisa laki mbili. Laki mbili, Bu! Tangu siku hiyo mtaani naitwa Pakde, yaani Baba Mkubwa, Mwenye Kampuni, nami sijamkatalia mtu.

Nilikwenda hata kuikagua mali yangu. Nilivaa batiki ya harusi, nikakodi bodaboda mpaka getini, nikamwambia mlinzi, "Mwambie mkurugenzi kwamba mwenye kampuni amefika." Akanitazama kuanzia kofia mpaka kandambili, akasema, "Mwingine tena? Wiki hii wamekuja wenye kampuni wanane, Pak. Chukua kalenda ya bure uende." Nilichungulia ndani nikaona makarai mawili na malori matatu, moja halina magurudumu, bata wanataga chini yake. Nyumbani nilisema makarai ishirini, na kwamba mkurugenzi alilia kwa furaha aliponiona.

Sasa jambo lenyewe. Tumeuza bwawa la samaki aliloacha marehemu baba, na dada yangu mdogo Warsiti, mjane, muuza tempe, ile soya iliyochachushwa ikagandishwa bonge, amepata fungu lake milioni sitini. Nyumba yake inavuja hadi tempe inalazwa chini ya mwavuli, hapo siongezi chumvi. Nikamwambia zote aziweke Gurih Nirwana, paa litajijenga. Yeye akaitaja kampuni ya sosi ya soya, Kembang Waru.

"Hiyo hisa moja ni elfu tisa!" nikamwambia. "Kwa elfu tisa unapata hisa mia na themanini za kerupuk. Hujui rahisi wala ghali?"

"Sawa, Cak, kaka yangu. Lakini hiyo kampuni yako imekatwa vipande vingapi?"

"Vipande vya nini?"

"Hisa. Zote, jumla, ni ngapi?"

"Wewe kata tempe yako. Mambo ya kampuni waachie wenye kampuni."

Mke wangu Ngatini akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Warsiti akakubali, maana mimi ndiye mkubwa, na alipoolewa mimi ndiye niliyesimama mahali pa baba. Amesema Jumatatu soko likifunguliwa atanunua za kerupuk.

Lakini swali lile limenikwama kama mfupa kooni. Nilisoma ripoti ya kampuni kwa siri, chooni, nikakuta hisa ni bilioni thelathini, na faida ya mwaka mzima milioni mia sita. Halafu nikajaribu kuuza hisa kidogo nikomboe heshima, siku ya tano leo hakuna mnunuzi. Jumapili ukoo wote unakula kwangu. Nikisema nilikosea, nani tena atasubiri nikohoe?

Pakde Mwenye Kampuni, Sidoarjo

*

Pakde Mwenye Kampuni,

Pole kwa pikipiki. Pole imeishia hapo.

Dada yako alikuuliza swali la maana kuliko yote, nawe ukamrudisha kwenye kisu chake. Hisa moja ni kipande. Ukiambiwa kipande cha tempe ni rupia mia tano, utajuaje kama ni rahisi kabla hujajua bonge lenyewe lina ukubwa gani na limekatwa mara ngapi? Sasa chukua hisa bilioni thelathini, zidisha kwa hamsini. Trilioni moja na nusu! Hiyo ndiyo bei ambayo soko linadai kwa kampuni nzima, yaani makarai mawili, malori mawili yanayotembea, na bata. Kwa faida ya milioni mia sita, atakayeinunua yote atarudisha pesa yake baada ya miaka elfu mbili na mia tano. Muombe Mungu umri mrefu.

Ile ya sosi uliyoiita ghali nimeitazama. Hisa zake ni milioni arobaini tu. Kwa elfu tisa, kampuni nzima ni bilioni mia tatu na sitini, na faida yake bilioni arobaini kwa mwaka. Miaka tisa! Kipande ghali, bonge rahisi. Sisemi muikimbilie, madeni yake hamjayaona, na kampuni ndogo hata ikiwa njema, siku ya kuuza wanunuzi huwa wachache. Hilo la pili umeshalionja. Aliyelala sakafuni haanguki, kweli, lakini mnaosubiri kuinuliwa mko wengi, na mkono wa kuwainua haupo.

Sasa sikiliza. Jumapili, kabla wali haujapakuliwa, maana ukishiba utaanza hadithi, kohoa. Watanyamaza. Sema, "Warsiti, vipande ni bilioni thelathini, na uliponiuliza sikujua." Basi. Usiongeze hata karai moja. Kisha mwache yeye apige hesabu mbele ya wote. Milioni sitini ziezeke paa kwanza. Zikibaki, kila kampuni aiulize swali lake lilelile.

Zako ziache kwenye foleni ya kuuza. Akitokea mnunuzi, nunua baiskeli. Kalenda itundike ukutani, ndilo gawio lako la mwaka huu.

Na hilo la nani atasubiri ukohoe: siku ya ndoa ya Warsiti ulisimama mahali pa baba yenu, na hakuna aliyekuuliza una hisa ngapi. Jumapili simama palepale.

Bu Lasmini