Kompyuta Yangu, Akaunti Yako

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Sikusalimii. Salamu ni za watu walioachana vizuri, na sisi hatukuachana vizuri, ingawa nasikia huko kwenu Shighatini, Ugweno, unasimulia kwamba tulielewana.

Nakumbuka Jumamosi ile uliposhuka kutoka Ugweno ukafika kwangu Same, shati limejaa vumbi, mkungu wa ndizi begani na ile kompyuta ya mtumba umeikumbatia kama mtoto. Ulitaka niwe natafuta mitindo ya nguo mtandaoni, nisiwategemee wateja waniletee picha. Ukakaa kwenye kiti changu cha cherehani ukaanza kupanga kivinjari. Lugha ukaweka Kiswahili. Maandishi ukayakuza, kwa sababu ulijua macho yangu. Ulipofika kwenye akaunti ukaingiza ya kwako, nikakuuliza kwa nini isiwe yangu.

Ukasema, "Acha ilivyo, mpenzi. Vitu vyetu vikae pamoja."

Nikaona ni mapenzi. Nikakupakulia makande, ukala sahani mbili, na mipangilio yako sikuigusa tena. Ulivyoiacha ndivyo nilivyoitumia.

Halafu, ndugu zako wakiwa wanajiandaa kuleta barua ya posa, hospitali wakaniambia nina uvimbe kwenye kizazi. Sikumwambia mtu. Hata mama yangu kule Kihurio sikumwambia. Niliiuliza kompyuta tu: utatoka? Nitazaa? Kila asubuhi kabla ya kuwafungulia wateja mlango niliuliza swali lilelile kwa maneno mengine, nikitumaini jibu litabadilika. Wiki mbili baadaye shangazi yako akampigia mama simu kwamba barua haiji, kwa kuwa wamesikia binti ana matatizo ya kizazi.

Mama alipanda gari siku hiyohiyo. Hakunigombeza. Alikaa kwenye mkeka akaniuliza kwa sauti ndogo kwa nini watu wa mbali wamejua kabla yake. Kuniacha ningekusamehe, wanaume huacha. Ile sura ya mama sikusamehe.

Nilimshuku muuguzi, maskini ya Mungu, nikamnunia miezi. Mpaka siku moja nilikuwa natafuta mshono niliouona juzi, nikafungua historia ya kivinjari, nikakuta kurasa ambazo si mimi niliyezifungua: mitihani ya kidato cha pili unachofundisha, ratiba ya ligi, na swali moja, "Namna ya kumwacha mchumba bila lawama." Ndipo nikaelewa. Uliyotafuta wewe yalikuja kwangu, na yangu yote yalikuwa yakienda kwako, ukiwa umekaa ofisi ya walimu unayasoma.

Ningeweza kujitoa kwenye akaunti yako siku ile. Sikujitoa. Unajua tunavyotaniwa sisi Wapare, kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Basi mimi kesi yangu si ya kuku. Nikaanza kukulisha. Nikatafuta magauni ya harusi. Nikatafuta majina ya mapacha. Haikupita wiki ukampigia mama, shikamoo tele, ukauliza kwa upole kama nimepata mtu. Mama akakujibu kwamba sijambo. Nilicheka hadi sindano ikanichoma kidole, na sioni aibu kusema kwamba kicheko kile kilinifaa kuliko dawa.

Lakini mwezi huu kwenye akaunti imeongezeka kompyuta ya tatu, yenye jina la mwanamke. Maswali yake yanaingia kwangu. Anauliza zawadi ya kumpelekea mama mkwe. Anauliza kuhusu maumivu ya tumbo siku za hedhi. Kuyasoma naona vibaya, maana sasa nafanya uliyonifanyia wewe. Umempangia kama ulivyonipangia mimi, na maneno uliyomwambia nayajua.

Kwa hiyo leo nimeingia kwenye mipangilio kwa mara ya kwanza, maana nayo husafiri na akaunti kama historia. Barua hii nimeiweka mtandaoni, na nimeifanya iwe ukurasa wa kwanza kila kivinjari kinapofunguliwa, kwenye kompyuta zote tatu. Nataka uikute kesho wenzako wakiwa wamesimama nyuma yako. Nataka uone aibu, na iwe mchana. Wewe ni mtaalamu, utaiondoa upesi kwako. Yeye hajui kuondoa, kwa sababu hukumfundisha, kama ambavyo mimi hukunifundisha.

Uvimbe ninao bado, na mwezi ujao nafanyiwa upasuaji. Nimewaambia wote mwenyewe, kwa hiyo huna tena cha kupeleka nyumbani.

Jana yule dada aliuliza mtandaoni: "Mchumba anaweza kuona ninachotafuta?" Alifungua kurasa sita, zote zinazungukazunguka bila kujibu. Wacha nimjibu mimi, hapa.

Ndiyo, mdogo wangu. Anaona yote, na anampelekea shangazi yake.

Aliyekuwa mchumba wako,
Same