Mstari Alioruka Baba Yako Mdogo

Mwanangu Klementi,

Marahaba, baba. Shikamoo zako zote nimezipokea, hata zile za barua nilizokuwa nasomewa. Hii naandika mwenyewe. Herufi zikipanda mlima usinicheke. Kisomo cha watu wazima nimekianza mvua za mwaka jana, na mwalimu wetu ni binti mdogo kuliko wewe.

Utauliza mama kasoma ili iweje. Nimesoma kwa sababu sikumwamini baba yako mdogo.

Wakumbuka likizo ile uliporudi kutoka seminari, tukabangua korosho uani, vidole vimetuungua kwa mafuta yake? Ukanihadithia yule bwana mkubwa wa Ulaya ya kale, mwenye ngome na farasi na watumishi, aliyegawa mali yote akavaa nguo ya gunia na kwenda kulima bustani ya watawa. Ulimsimulia kama mtu anayemsimulia mjomba wake. Nikakuuliza, "Mama yake alisemaje?" Ukasema, "Kitabu hakisemi, mama." Tangu siku hiyo kitabu kile sikukiamini. Mtu ana mama, halafu kitabu kizima hakimtaji?

Ndipo baba yako akafariki, ukaachiwa nyumba ya mawe ya Dunda, mikorosho ya Kiwangwa na lori la mananasi. Hata arobaini haijapita ukasema hutaki. Nyumba ukaniachia mimi, mikorosho ukawapa waliokuwa wakiipalilia, lori akalichukua baba yako mdogo. Wewe ukaenda kusini kwa watawa na begi moja la kitambaa.

Kijana haachi lori hivi hivi. Kwanza nilimshuku binti wa fundi cherehani. Nikapeleka kitambaa nisichokihitaji, nimtazame tumbo. Mwembamba kama ufito, akauliza habari zako huku anaangalia chini. Halafu nikawashuku watawa wenyewe, nikamuuliza padri wanawatilia nini vijana katika chai. Alicheka mpaka akakohoa. Mwisho nikabaki na baba yako mdogo, maana lori analo yeye na barua zako anazisoma yeye. Anakaa barazani, anavaa miwani, ananitania, "Shemeji, nikusomee au nikuimbie?" Anasoma kwamba u mzima, unachunga ng'ombe wa monasteri, unaniombea. Nami natazama midomo yake, moyo unaniambia huyu ananificha kitu.

Basi Jumamosi nimezitoa barua zote sandukuni, nikazisoma peke yangu, kidole juu ya neno, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Shemeji yangu hakuongeza hata neno. Nikaona haya. Mpaka nikafika ile ya mwisho, ya nadhiri zako za daima, za kubaki mtawa maisha, aliyonisomea kwamba safari ni ndefu nisijisumbue. Wewe hukuandika habari ya safari. Umeandika chini kabisa: "Baba mdogo, hili usimsomee. Mama asije. Nikimwona nitarudi."

Nikamwendea na karatasi mkononi. Hakubisha. Akavua miwani akasema, "Ningekusomea, shemeji, ungepanda basi siku ileile." Kweli, ningepanda.

Nimelia, Klementi, kisha nikakasirika, kisha, na hili nalikiri, nikafurahi. Miaka yote hii nilidhani umenisahau. Kumbe uso wangu tu unatosha kukurudisha.

Lakini sasa ninayekushuku ni wewe. Aliyeshiba haogopi harufu ya chungu cha jirani. Kama huko ndiko kwako, wanikimbia kwa nini? Na kama siko kwako, wataka kumwapia Mungu ukiwa umefumba macho?

Katika barua hiyo umeniomba radhi ya mzazi. Sitaiweka kwenye bahasha. Nitakuja siku ya nadhiri. Sitalia, sitakuita, wala sitakuletea chakula. Nitakaa benchi la mbele upande wa wanawake, nimejifunga kitenge cha buluu usije ukanikosa. Kabla hujafungua kinywa, geuka unitazame vizuri. Ukiapa baada ya hapo, radhi yangu yote ni yako, nami sitakushuku tena mpaka naingia kaburini. Ukishindwa, tutarudi wote wawili, na hakuna wa kukucheka nikiwa hai.

Usimwandikie baba yako mdogo anizuie. Siku hizi barua za nyumba hii nazifungua mimi.

Kaa na Mungu, baba, mpaka nifike.

Ni mimi,
mama yako, kwa mkono wangu