Mkono Unaotangulia Akili

3 Machi

Mwanangu,

Pokea salamu zangu. Huku tunapumua, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri.

Mwanao Pilipili kamvunja mtoto wa jirani meno mawili kwa mchi, eti alimcheka. Nimeshamnyoosha. Usijali, samaki mkunje angali mbichi.

Mama yako

14 Machi

Shikamoo mama,

Magoti yapakae mafuta ya moto. Mimi mzima, nafua na kupiga pasi nguo za watu kutwa.

Umemnyoosha kwa kitu gani? Mimi uliponinyoosha, alama ya pasi ilibaki begani. Dobi mwenzangu anadhani niliungua kazini, nami nimemwacha adhani hivyo. Nalala kwa tajiri, mtoto haruhusiwi, ndiyo maana yuko kwako. Nakuomba usimguse. Akikosea, niandikie.

Mwanao

30 Machi

Mwanangu,

Salamu. Mafuta yamesaidia. Barua yako imenikata maini.

Hujawahi kuniuliza habari za babu yako, baba yangu. Alirudi kutoka vitani mzima, tukamshangilia. Kumbe kilichorudi ni mwili tu. Sahani ikidondoka, alipiga aliye karibu. Siku moja karibu yake alikuwa kaka yangu. Alimbamiza ukutani mara moja tu, na kaka hakuamka. Tukaambiwa tuseme ameanguka mtini. Nikasema hivyo mbele ya watu, nikiwa na umri wa Pilipili.

Tangu hapo nikiona mtoto mkaidi, naona maiti. Nataka atii upesi kabla hajauawa. Mkono unatangulia akili.

Mama yako

21 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Anayeniandikia ni muuguzi, mkono wangu wa kulia umefungwa plasta.

Pilipili alikataa kuchota maji. Nikamvuta nywele, nikamgonga kichwa mlangoni, damu ikamwingia machoni. Alipochomoka akaokota ukuni akanipiga, nikasikia mfupa ukilia. Nikaanguka. Akasimama juu yangu na ukuni wake, ana macho ya baba yangu. Nikamwambia, "Maliza." Akautupa, akakaa chini, akaniuliza kama naumia.

Muuguzi amemshona kipaji cha uso. Njoo umchukue. Nampenda, ndiyo maana nakwambia njoo.

Mama yako

9 Mei

Shikamoo mama,

Tulifika salama. Hukutoka chumbani kutuaga, sikulaumu. Mkono unaendeleaje? Usibebe ndoo.

Kwa tajiri nimeacha. Tumepanga chumba nyuma ya duka la dobi, na kitanda ni kimoja. Mtoto anakula vizuri, anacheka akiwa peke yake.

Jana alimwaga mchuzi juu ya mashuka ya mteja niliyokwisha kuyapiga pasi. Mama, niliinua mkono. Hakukimbia wala hakulia. Alivua sweta, akalikunja vizuri, akaliweka kitini lisichafuke, akanigeuzia mgongo.

Sikujua mkono wangu niupeleke wapi. Nilitoka nje nikapiga ukuta mpaka vidole vikachubuka. Niliporudi alikuwa bado amesimama vilevile, mgongo wazi, ananisubiri.

Nikamwambia, "Vaa sweta, mwanangu, sikupigi."

Akauliza, "Kwa hiyo ni baadaye?"

Nikasema hapana, wala baadaye. Hakuniamini. Nikakaa sakafuni karibu naye. Mashuka yakakauka na madoa yake, mteja akaja akagonga akaondoka, nami nimekaa tu, nangoja avae.

Mwanao