Masanduku Niliyoyasoma Kinyume

Mpendwa mshauri,

Naomba unishike mkono maana nimekwama pabaya. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mitatu, mtaalamu wa miamba na madini, nimefanya kazi wizarani miaka ishirini na miwili, nimelala kwenye mahema na kula vumbi mpaka mume wangu akaniita Mama Mawe, kisha chuo kikuu kikaniomba nikafundishe, nikaenda kwa furaha, na kusema kweli kilichonipeleka ni ripoti yangu ya zamani kuhusu kilima kimoja, ambamo nilisema madini yako chini mno, kuchimba ni hasara, na hadi leo wanafunzi wanaisoma.

Sasa mwaka huu nina mwanafunzi mmoja, binti mpole wa miwani, akiongea utadhani anaomba radhi. Alikwenda stoo ya wizara akafungua masanduku ya kilima kile, tunamopanga vipande vya mwamba vinavyotolewa na mashine ya kutoboa ardhi, cha juu kwanza, cha chini mwisho, akarudi kuniuliza, "Samahani mwalimu, mwamba laini uliooza kwa mvua unakuwaje chini, na mgumu uwe juu?" Mshauri, nilijua papo hapo: siku ya kuandika ripoti ile nilikuwa na homa na haraka ya kumaliza, masanduku yakapangwa kinyume nami nikayasoma hivyo hivyo, yaani madini yako karibu na juu! Badala ya kukiri nikamfokea, "Mimi nimetembea vilima hivyo wewe hujazaliwa!" Akasema, "Sawa, mama," akatoka.

Utafiti wake wote unategemea swali hilo, mwisho wa kukabidhi ni Ijumaa, na bila saini yangu anarudia mwaka. Karatasi iko mezani kwangu wiki ya tatu, nimeifunika na kitabu. Nikisaini, wenzangu wa wizarani watanionaje? Nifanyeje?

Mama Mawe

Mama Mawe,

Pole sana, ila nitakukaripia kidogo, nivumilie. Kukosea ukiwa na homa, hilo halina neno. Lakini kumfokea mtoto wa watu kwa kuwa ana macho? Hapana, mama, hapo umejishusha mwenyewe.

Hivi ulidhani umeitwa chuoni kulinda ripoti? Umeitwa kufundisha watu watazame mwamba bila kuogopa jina la aliyeutazama kabla yao. Huyu binti ametazama, tena akathubutu kumuuliza mwalimu mkali kama wewe. Kazi yako imezaa, unaificha ya nini?

Saini leo, usingoje Ijumaa. Mwite, mwombe radhi kwa sauti inayosikika, usimung'unye maneno. Kesho mwende stoo pamoja mkayapange upya hayo masanduku. Kisha waandikie wizara wewe mwenyewe, kabla hawajasikia kwenye korido. Watacheka siku mbili, ya tatu watakuwa wanatafuta mashine ya kutoboa, kwa sababu umewarudishia kilima walichokwisha kukata tamaa nacho.

Na ripoti mpya muiandike wawili, mama. Jina lake litangulie.