Mikono ya Mama Vumilia

Jumamosi alasiri, mtaa wa Katoyi. Mvua imekatika, lakini wingu limeukalia mlima wa Nyiragongo tangu asubuhi, nami sina hamu ya kuuona.

Nimenawa mikono mara tatu. Harufu haitoki.

Wiki hii jibini za baba zimeharibika. Zote. Tulikuwa tumezipanga juu ya mbao katika chumba chetu cha Munigi, zikiwa bapa na laini kama fromaji yoyote ya Masisi. Sasa zimefura kama mipira, nyingine zimepasuka ubavuni, na chumba kizima kinanuka siagi iliyooza.

Baba ni mfugaji. Vita vilipotushusha kutoka Masisi aliokoa ng'ombe sita, nao wanaishi Kibati. Anayegandisha maziwa yao ni Mama Vumilia, aliyefanya kazi hiyo kwetu tangu kabla sijazaliwa. Jana baba alimwita akamwonyesha hasara.

«Mama Vumilia, ulinawa mikono na nini?»

«Papa, hii mikono ilifanya fromaji mbele ya huyu mutoto wako kuzaliwa. Leo ndiyo imekuwa michafu?»

«Basi nani? Mashetani?»

Mama Vumilia akanigeukia mimi, mwenye digrii. «Na weye, lisansiye? Kila siku unatushinda na mudomo. Leo ulimi umeenda wapi?»

Mimi, ninayebishana na padri kuhusu mahubiri yake, nilitazama sakafu. Baba akamwambia asirudi. Mama Vumilia akafungua kitenge chake cha kazi, akakikunja vizuri, akakiacha juu ya meza.

Nilikuwa najua.

Bakteria wema wa maziwa hula sukari yake na kuacha laktati, yaani chumvi ya asidi ya maziwa. Jibini changa imejaa laktati hiyo. Wapo bakteria wengine, wa udongoni, wanaojifungia katika ganda gumu lisiloshindwa hata na maziwa kuchemshwa. Ndani kabisa ya jibini, mahali pasipo hewa na ambapo chumvi haijafika, huamka. Kimeng'enya chao kimoja huipokonya laktati haidrojeni na kuigeuza kuwa piruvati; vimeng'enya vingine huendelea na kazi mpaka itoke asidi ya butiriki, ambayo ndiyo uvundo wenyewe, pamoja na gesi. Gesi haina pa kutokea. Jibini inavimba, kisha inapasuka.

Hayo hayahitaji mikono michafu. Yanahitaji udongo katika chakula cha ng'ombe: vijidudu hupita tumboni, hutoka na mavi, hushika kwenye kiwele, huingia maziwani.

Na udongo huo niliuleta mimi.

Kiangazi kilipoanza kukausha malisho ya Kibati, niliwafundisha baba na wachunga ng'ombe wake kukata majani, kuyashindilia katika mifuko ya plastiki na kuyavundika yawe chakula cha akiba cha ng'ombe. Tuliyakusanya chini, pamoja na ule mchanga mweusi wa volkano, na mifuko ilikuwa na matundu. Nililiona hilo. Nilikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba nimesoma. Baba aliponusa mfuko wa kwanza akasita, nikamjibu kwamba sayansi haipimwi kwa pua. Kisha nikamkataza kuuza jibini changa, kama alivyozoea. Nikataka zikae miezi miwili, zikomae kama za Ulaya. Vijidudu vikapata chakula, tena vikapata muda.

Nimejitetea humu kichwani tangu jana. Hakuna maabara, hakuna ushahidi, huenda ni kiwele kisichooshwa tu, huenda ni maji. Hoja nzuri zote.

Leo asubuhi nilikwenda Kibati, nikafungua mfuko wa mwisho na kuingiza mikono yangu yote miwili. Ilikuwa harufu ileile.

Sijui nitabaki nani nikishasema. Baba hunitambulisha kwa wageni kwa diploma yangu kabla ya jina langu. Hatanisikiliza tena, na labda ni haki yake. Lakini Mama Vumilia hana diploma. Ana ile mikono tu, na tayari wanunuzi wa Munigi wanaisema.

Kesho, watu wakitoka misa, nitapita kwake kwanza na kitenge chake, nimwombe tuende pamoja kwa baba. Nitaubeba na ule mfuko.

Baba akiuliza tena habari za mikono, nitampa yangu ainuse.