Soko ya Muntu Mumoja

Kalemie, tarehe 3 Machi 2024

Kwako Mama Joëlle,

Pokea salamu zangu, wewe na mutoto wetu Joëlle na kajukuu ketu Abigaël. Ameanza kunyonya vizuri? Mimi mwili uko muzima, nyumba njo inanishinda. Simu haikamate huko Bendera, kwa hiyo hii barua ninaituma kwa Chérubin wa pikipiki.

Tangu uende kumulinda Joëlle kwa uzazi, ninaingia soko mimi mwenyewe. Ninanunua sawa vile wewe unanunuaka: beseni ya tomati, mafungu ya mboga ya lengalenga, samaki mikeke wabichi. Hata juma haiishe. Tomati inatoa maji, lengalenga inageuka manjano. Samaki nilipeleka kwa jirani, Mama Immaculée, awape mabata yake. Mabata yakanusa, yakaenda zao. Frigo unaijua, umeme unakuja saa yenye unapenda. Kama uko na dawa, nifundishe.

Bwana yako,
Papa Joëlle

Bendera, tarehe 9 Machi 2024

Kwako Papa Joëlle,

Salamu nyingi. Huku tuko na mvua na baridi, lakini tunalala vizuri. Nilimusomea Joëlle barua yako, akacheka mpaka mutoto akaamuka.

Tomati usiioshe na usiiache ndani ya mufuko wa plastiki. Itandaze juu ya kitambaa pale mulangoni kwenye upepo unapita, na uchague zingine zenye hazijaiva. Lengalenga uisimamishe ndani ya maji kidogo. Samaki umutie chumvi siku ile ile, umukaange mpaka akauke. Na zaidi ya yote: nunua ya muntu mumoja. Hiyo beseni ilikuwa ya nyumba yenye watoto.

Abigaël angali mudogo sana na anachoka mbio kwa kunyonya. Njo maana siwezi kurudi sasa.

Muke wako,
Mama Joëlle

Kalemie, tarehe 15 Machi 2024

Mama Joëlle,

Natumaini mumeamuka na nguvu. Mimi hivyo hivyo.

Nilijaribu. Nilimwambia yule mama wa tomati anipe fungu moja tu. Akaniuliza, “Papa, muke amekukimbia?” Wenzake wakacheka. Nikachukua beseni. Sitaki tena kutupa chakula ya Mungu, kwa hiyo ninaimaliza yote, hata ya juzi. Samaki akinuka kidogo, pilipili inasaidia.

Bwana yako,
Papa Joëlle

Bendera, tarehe 27 Machi 2024

Papa Joëlle,

Leo salamu yangu ni fupi kwa sababu roho haijatulia. Uko namna gani?

Chérubin anasema alikuta mulango umefungwa, na Mama Immaculée akamwambia ulikuwa unalala kwa hospitali na maji ya serumu yanaingia kwa mukono. Wewe kwangu haukuandika hata neno. Nimefunga muzigo wangu. Joëlle hakunikataza, aligeuka tu akaangalia ukuta. Sasa uniambie ukweli, bila kunificha: nirudi?

Mama Joëlle

Kalemie, tarehe 31 Machi 2024

Muke wangu,

Nimepona, na leo nimekula bukari na mboga. Fungua ule muzigo.

Ni kweli niliugua. Muganga aliniuliza nilikula nini, nikasema samaki. Akauliza, “Wa siku gani?” Nikaanza kuhesabu kwa vidole, naye akaelewa.

Nikuambie kitu. Siyo kama sikujua kupima. Lakini kila mara nikishika fungu dogo, niliona kama ninakubali nyumba imebaki tupu. Beseni ikijaa, nilikuwa ninadanganya macho.

Nilipotoka hospitali, Barnabé, ule muvuvi jirani wa upande wa pili wa ukuta, aliniletea supu. Watu wake wote walibaki kwao, kule muji wa Baraka. Akaniambia yeye pia anatupa mboga kila juma, kwa sababu hajui kuipima wala kuitunza. Tukaangaliana. Juma zote hizi kila muntu alikuwa anatupa yake upande wake. Sasa yeye analeta samaki, mimi ninanunua mboga, na tunapika chungu kimoja. Yule mama wa tomati nilimujibu kwamba tuko wawili, akanipimia ya watu wawili.

Barnabé amenifundisha kukausha samaki kwa moshi. Chérubin anawaletea mikeke. Ni kazi ya mikono yangu.

Bwana yako,
Papa Joëlle

Bendera, tarehe 28 Aprili 2024

Kwako Papa Joëlle,

Ninakusalimia kwa furaha, na nyumba yote ya huku inakusalimia.

Samaki walifika wazima, bila harufu mubaya. Tuliwapika na lengalenga, kidogo kidogo, na wa mwisho tumemula jana. Joëlle amepata maziwa mengi. Abigaël sasa analia kama muntu mwenye kudai haki yake, na mashavu yamejaa. Naweza kurudi.

Lakini ninasikia wewe na Barnabé munakula vizuri sana, mpaka nimeanza kuona wivu juu ya muvuvi. Kwa hiyo sitakuja na Chérubin peke yangu. Kuja unichukue wewe mwenyewe, na umubebe kwanza mujukuu wako, ajue harufu yako.

Ukuje na chumvi na samaki mubichi kama barabara inaruhusu. Nilimwambia Joëlle ni baba yake aliwakausha wale mikeke. Anasema hataamini mpaka aone. Utakausha mbele yake, kisha utatupikia.

Muke wako,
Mama Joëlle